Kwa Nini Shaba Alilala Barazani kwa Lamis

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumpa Shaba chakula. Nilichanganya ugali wa jana na mchuzi wa dagaa, nikauweka kwenye sufuria yake kuukuu, kisha nikasimama kumtazama akila. Alikula upesi kama mtu aliyechelewa kazini. Akimaliza alinisindikiza hadi langoni, akakaa kitako na kunitazama nikivuka barabara. Nilikuwa gredi ya sita, na katika ploti yetu yote ya Tononoka, Mombasa, hapakuwa na mtoto mwingine mwenye mbwa.

Naitwa Mutanu. Baba alimleta Shaba nyumbani akiwa mdogo hivi kwamba alilala ndani ya kofia ngumu anayovaa Baba bandarini. Manyoya yake yalikuwa na rangi ya shaba, ndiyo maana tukamwita hivyo. Mimi ndiye niliyemlea. Nilimfundisha kuketi, kungoja, na kunyamaza adhana inaposomwa ili majirani wasichukie. Kwa hivyo nilipoona ameanza kunihama, niliumia. Sitaficha: niliona wivu, tena wivu mbaya.

Aliyenitia wivu ni Lamis. Alihamia nyumba ya mbele mwezi wa Disemba pamoja na nyanya yake, Bi Maisara, wakitokea Mji wa Kale. Alikuwa rika langu, mpole, mwenye sauti ndogo, na alisoma shule nyingine iliyo karibu, basi mchana alirudi nyumbani kula. Nyumba yao ilikuwa na baraza pana la saruji. Shule zilipofunguliwa Januari, nikawa kila nikirudi namkuta Shaba amejinyoosha chini ya baraza lile, mkebe wa maji uko kando yake.

Kilichonikera zaidi ni kwamba Lamis hakumgusa hata siku moja. Wao ni Waislamu, na kwao mate ya mbwa yakikugusa sharti uoshe mahali hapo mara saba, mara moja kwa udongo. Lamis alimjazia maji kwenye mkebe, akarudi juu barazani kabla Shaba hajafika, akamsemesha kwa mbali. "Leo umechelewa, bwana mkubwa," nilimsikia akimwambia siku moja, na mbwa wangu akatikisa mkia! Mimi niliyekuwa nikimtoa kupe kwa kucha zangu sikukumbuka kutikisiwa mkia namna ile.

"Humgusi. Sasa wamwitia nini?" nilimuuliza.

"Simwiti. Anakuja mwenyewe," Lamis akajibu. "Mchana kuna joto, ana kiu. Nyanya asema kumpa mnyama maji ni thawabu."

Lilikuwa jibu zuri, na ndiyo sababu lilinichoma. Angenijibu vibaya ningefurahi.

Mwezi wa Februari Shaba alianza kujikuna. Alianza na masikio, kisha viwiko, kisha mbavu. Manyoya yakanyofoka kandokando ya macho, ngozi ikafanya magamba, na mwili wake ukawa na harufu ya nguo iliyokaa majini. Nilikuwa nimeshayaona hayo yote, na nilikuwa nimekusudia kumwambia Mama jioni ile ile. Lakini Lamis akanitangulia.

"Mutanu, Shaba anaumwa," aliniambia langoni. "Ajikuna kutwa. Masikio yake yamebaki ngozi tupu pembeni. Mwambie mamako ampeleke kwa daktari wa mifugo. Namjua mmoja, yuko karibu na nyumba ya shangazi yangu."

Damu ilinichemka. Mbwa wangu, na yeye ndiye wa kunieleza kwamba anaumwa!

"Kwani mbwa ni wako au ni wangu?"

"Wako. Ndiyo maana nakwambia wewe."

"Basi mwachie mwenyewe."

Jioni ile sikumwambia Mama chochote. Niliona nikimwambia, daktari atamtibu, Shaba atapona, na ploti nzima itasema Lamis ndiye aliyegundua. Nilitaka Shaba apone, lakini apone kwa mkono wangu. Mama alifanya kazi ofisini mjini, akitoka mapema na kurudi amechoka. Baba alikuwa na zamu bandarini. Aliyemtazama Shaba kwa karibu nilikuwa mimi, na yule mwingine asiyemgusa.

Nikamwosha kwa sabuni ya unga ya kufulia. Ngozi ikazidi kuwa nyekundu. Baada ya wiki mbili mimi mwenyewe nikaanza kujikuna mikononi na tumboni, mahali palipotoka vipele vidogo. Nilivificha kwa sweta. Hebu fikiria mtu aliyevaa sweta Mombasa mwezi wa Machi! Darasani waliniuliza kama nimehamia Limuru kwenye baridi. Nikasema nina homa.

Jumamosi moja nilipita kwenye gereji ya fundi Mung'aro, kwenye kona ya barabara yetu. Alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Nilimsalimu, nikamuuliza kama anajua dawa ya upele wa mbwa.

"Oili chafu," miguu ikajibu. Kisha akajivuta nje, akijifuta mikono. "Ile tunayoimwaga kutoka kwenye injini. Kwetu mbwa wote walipakwa hiyo. Mpake mwili mzima. Huo upele utakimbia wenyewe."

"Haina madhara, mjomba?"

"Mimi naishika kila siku, mbona ningali hai?" Akacheka, akanijazia kopo tupu la rangi.

Nilirudi nyumbani nikiruka. Shaba alikuwa wapi? Barazani kwa Lamis, bila shaka. Nilimvuta kwa kamba hadi nyuma ya nyumba, nikampaka oili kwa tambara kutoka shingoni hadi mkiani. Alilia kwa sauti nyembamba na kujaribu kujilamba, nami nikamgombeza. Alipokuwa mweusi tii, nikampitisha makusudi mbele ya Lamis, aliyekuwa akisoma kitabu barazani.

"Umempaka nini?" Lamis akauliza.

"Dawa. Nimepewa na mtu mzima anayejua."

"Yanuka gari."

"Yanuka hivyo kwa sababu ni kali. Wewe endelea kusoma."

Lamis alimtazama Shaba, kisha akanitazama mimi. "Basi mpe maji mengi. Leo joto limezidi."

Kwa kuwa ni yeye aliyesema, sikumpa. Nilimfungia Shaba kwenye stoo yetu ya mabati ili asirudi kule barazani, nikamrushia ugali wake, nikafunga komeo. Kopo la oili lililobaki nusu nililiacha humo humo sakafuni. Nilijiambia kwamba asubuhi atakuwa nafuu, na Lamis ataona.

Kesho yake, Jumapili, tuliondoka mapema kwenda kanisani. Tuliporudi nikakimbilia stoo. Ndani mlikuwa na joto la kuoka mkate. Shaba hakusimama. Alikuwa amelala ubavu akitetemeka, ugali haujaguswa, na kando yake palikuwa na matapishi meusi. Kopo la oili lilikuwa limeanguka, tupu kabisa, na sakafu ilikuwa imelambwa. Nikaelewa mara moja. Kiu ilikuwa imempeleka kwenye kitu pekee cha majimaji kilichokuwamo humo.

Je, nilimwita Mama? La. Kwanza nililiokota kopo, nikalitupa nyuma ya ukuta. Kisha ndipo nikamwita.

Mama alikuja mbio na nguo zake za kanisani, akapiga magoti kwenye vumbi. "Mungu wangu! Nani amempaka mbwa oili?"

Jibu lilikuwa neno moja tu. Lakini ulimi wangu ukatoa jina lililonikaa rohoni tangu Disemba.

"Lamis."

Mama hakupiga kelele. Alijifunga leso kiunoni, akanishika mkono, tukaenda nyumba ya mbele. Bi Maisara alikuwa ameketi barazani akichambua mchicha kwenye ungo.

"Shikamoo, Bi Maisara."

"Marahaba, Mama Mutanu. Karibu, keti."

"Ahsante, mama, sitakaa. Nimekuja kwa jambo zito. Mbwa wetu yu hoi. Amepakwa oili ya gari mwili mzima, na Mutanu anasema ni Lamis. Najua watoto ni watoto, lakini nimeona nije kwako kwanza."

Lamis alikuwa mlangoni. Aliposikia jina lake alishika nguzo, macho yakamjaa machozi. Bi Maisara aliuweka ungo chini taratibu.

"Umekuja kwa heshima, nami nitakujibu kwa heshima," alisema. "Mjukuu wangu huyu, mbwa akimramba kidole tu, ni maji mara saba, na mara moja kwa udongo. Mbwa akimsogelea, yeye apanda juu ya baraza. Jana kutwa alikuwa na udhu wake, ameswali, amekwenda madrasa, amerudi. Aliyempaka mbwa mwili mzima ameshika mafuta na mate na manyoya. Oili ya gari haitoki kwa siku moja. Lamis, mwanangu, nyosha mikono."

Lamis akanyosha mikono. Kucha zake zilikuwa na hina, safi kabisa. Mimi nikairudisha yangu nyuma ya mgongo, lakini Mama alikuwa ameshaishika. Aliigeuza, akatazama kucha zangu nyeusi, kisha akanitazama usoni.

"Ni wewe uliyempaka?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kuna jingine ninalopaswa kujua?"

"Hakuna," nikasema. Nilidanganya tena, mara ya pili kabla hata ya chakula cha mchana.

Mama alitaka kuomba radhi, lakini Bi Maisara akainua mkono. "Maneno yatangoja, mnyama hangoji. Lamis, fuatana nao ukawaonyeshe kwa yule daktari."

Tulipanda tuktuk. Lamis aliketi mbele kando ya dereva, mbali na Shaba, ambaye Mama alikuwa amemfunga kwa shuka kuukuu na kumpakata. Njia nzima nilitazama kisogo cha Lamis. Nilikuwa nimemsingizia, na bado alikuwa akituelekeza: kata kulia, hapo mbele, nyumba yenye lango la kijani. Ningependa kusema kwamba nilimshukuru moyoni. Sikumshukuru. Niliona wivu hata kwa wema wake.

Daktari Chengo alitufungulia chumba chake cha matibabu ingawa ilikuwa Jumapili. Alimlaza Shaba mezani, akamfunua ufizi, akasikiliza moyo wake.

"Oili ya mwilini naiona, hiyo tutaiosha," alisema. "Kinachonitia wasiwasi ni tumbo. Pale kwenu kuna mtu aliyeweka sumu ya panya?"

"Yuko jirani aliyeweka wiki hii," Mama akajibu.

"Basi inabidi nimtapishe upesi." Alivuta dawa kwenye bomba la sindano, kisha akasita. "Lakini lazima niwe na hakika. Kama alichokula ni sumu ya panya, kutapika kutamsaidia. Kama alikunywa mafuta, nikimtapisha mafuta yatapanda na kuingia mapafuni, na atanifia hapa mezani. Hii oili, aliilamba kidogo tu mwilini au aliinywa?"

"Mutanu?" Mama akaniuliza.

Nitakwambia kitu cha aibu. Hata wakati ule, sindano ikiwa mkononi mwa daktari, nilichofikiria kwanza ni kwamba Lamis anasikia. Nikisema, atajua kwamba nilimnyima Shaba maji ili tu nisifuate neno lake. Nilitamani atoke nje kwanza. Lakini daktari alikuwa akinitazama, na Shaba alikuwa akihema kwa shida, ulimi wake mkavu umening'inia ukingoni mwa meza.

"Aliinywa!" nikasema kwa sauti kubwa hata nikashtuka. "Kopo nusu. Nilimfungia stoo bila maji tangu jana. Lamis aliniambia nimpe maji, nikakataa kwa sababu ni yeye aliyesema. Kopo nimelitupa nyuma ya ukuta."

Daktari Chengo akaiweka sindano ile kando.

"Vema umesema," alisema. "Dakika moja zaidi ningemuua kwa mkono wangu."

Tangu hapo alifanya kazi bila kupumzika. Alimtundikia Shaba maji ya dripu mguuni, akampa dawa ya kutuliza tumbo. Mimi na Mama tulivaa glavu tukamwosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, mara nne, hadi maji yakatoka meupe. Shaba alipotulia, daktari aliukwangua upele kwa wembe, akautazama kwenye hadubini, akatuita tuone. Niliona vidudu vya mviringo vyenye miguu mifupi.

"Hivi ndivyo vinavyomla," alisema. "Vinaishi ndani ya ngozi. Sabuni haivifiki, na oili haiviui bila kumtia mbwa sumu. Vina dawa yake, vidonge vya kumeza. Alianza kujikuna lini?"

Nilifungua mdomo nikagundua sijui. Nilikuwa nikishughulika na kununa.

"Wiki ya kwanza ya Februari," Lamis akasema kutoka mlangoni. "Alianza na masikio, halafu viwiko. Mbavu zilifuata baada ya siku kama kumi."

Daktari aliandika yote hayo. Kisha akanigeukia. "Na wewe, binti, mbona umevaa sweta?"

Mama alinivua mwenyewe. Alipoviona vipele vya mikononi alifumba macho.

"Vidudu hivi huhamia kwa watu pia," daktari akasema. "Utakwenda kituo cha afya kesho upate dawa yako. Gunia analolalia mbwa lichomwe, stoo ioshwe, na asichezewe na watoto hadi nitakapowaambia. Ungesema siku ya kwanza, haya yote yangekuwa kazi ya vidonge viwili."

Shaba alikaa kwa Daktari Chengo siku tatu. Siku ya kwanza hatukujua kama ataishi. Siku ya pili akanywa maji. Siku ya tatu Baba akaenda kumchukua, akarudi naye akitembea kwa miguu yake, mwembamba na mwenye mabaka, lakini hai. Jioni ile nilikwenda gerejini, nikamweleza fundi Mung'aro yaliyotokea. Alikaa kwenye tairi akashika kichwa, kwa maana alikuwa amewapa oili ile watu wengi.

Kazi ngumu zaidi ilibaki. "Lamis utamwendea peke yako," Mama alikuwa ameniambia. "Jina lake ulilichafua mbele ya nyanya yake, utalisafisha mbele ya nyanya yake."

Niliwakuta wote wawili barazani. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mazuri, yote yakanitoroka.

"Nilikusingizia," nikamwambia Lamis. "Hukufanya kosa lolote. Naomba unisamehe. Nawe pia, Bi Maisara."

"Ulilitaja jina langu bila hata kufikiri," alisema Lamis.

"Nilikuwa nalifikiria kila siku," nikajibu, na huo ulikuwa ukweli. "Nilifikiri umeninyang'anya mbwa wangu."

Bi Maisara akanikaribisha nikae kando yake.

"Mwanangu, mimi nakaa hapa kutwa," alisema. "Wajua kwa nini mbwa wako yuwalala hapa? Katika ploti hii, hapa ndipo mahali pekee penye kivuli ambapo lango laonekana. Maji ya Lamis ayanywa, sikatai. Lakini ikifika saa tisa na nusu yuwainua kichwa, yuwatazama lango. Hupita wanafunzi kumi, hana habari nao. Ukikaribia wewe, masikio yasimama kabla mimi sijakuona. Mbwa huyu alikuwa akikungoja. Nawe ukifika, wamwona amelala kwetu, wanuna, wampita."

Niliinama nikalia, na Bi Maisara akaniacha nilie.

"Sikiza," aliendelea. "Kuona wivu si ajabu, humpata kila mtu, hata mimi na uzee wangu. Ubaya ni kuuficha na kuutii. Ulikuambia usimpeleke mgonjwa kwa daktari, ukatii. Ulikuambia usimpe maji, ukatii. Ukakuambia umsingizie mwenzio, ukatii pia. Siku ya pili ukiuona waja, usinyamaze nao. Mwendee huyo unayemwonea wivu, umwambie waziwazi. Mtaaibika kidogo, mtacheka, na hapana atakayeugua."

Nilijifuta uso kwa mkono wa blauzi, nikamgeukia Lamis.

"Nakuonea wivu," nikamwambia.

"Hata mimi nakuonea," akasema Lamis, akimtazama Shaba aliyekuwa ameketi langoni. "Wewe waweza kumgusa."